Ruzuku za Kupambana na Ukatili dhidi ya Wanawake: Ipi Inalifaa Shirika Dogo la Moshi au Arusha?

Shirika dogo la Moshi au Arusha linalowatetea wanawake waliopigwa, kubakwa au kukeketwa lina milango minne ya kubisha linapotafuta fedha zenye asili ya serikali. Mlango wa kwanza ni halmashauri yake, wa pili ni mifuko ya ruzuku yenye makao Dar es Salaam, wa tatu ni balozi za nchi za nje, na wa nne ni mifuko ya kimataifa inayochangiwa na serikali nyingi kwa pamoja. Mara nyingi milango hii hulinganishwa kwa ukubwa wa kiasi kinachotolewa, na matokeo yake ni shirika kupata fedha nyingi ambazo masharti yake hayaruhusu zilipie kazi yenyewe. Hapa nimetumia kipimo kingine, ambacho nakiona kuwa cha haki zaidi kwa mwanamke anayehusika: je, fedha hizi zinaweza kumsindikiza manusura na mashahidi wake tangu siku ya kuripoti hadi siku ya hukumu?

Chukua kesi ya binti wa kata mojawapo ya milimani huko Same, au wa Ketumbeine upande wa Longido. Akishafika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, akapewa PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitalini), akapimwa hospitalini na kuandikisha maelezo, safari yake ndiyo kwanza inaanza. Kila tarehe ya kesi inahitaji nauli yake, nauli ya mama au mlezi, na nauli ya jirani aliyesikia kelele usiku ule. Wanashuka kwa bodaboda hadi barabara kuu, wanapanda basi, na ikiwa kesi inatajwa asubuhi basi hulazimika kulala mjini siku moja kabla. Posho ya shahidi, pale inapotolewa, hulipwa akishafika mahakamani, ilhali nauli inatakiwa alfajiri kabla hajatoka nyumbani. Kesi ikiahirishwa mara kadhaa, ndugu wa mtuhumiwa huja na mbuzi na maneno mazuri wakiomba mambo yamalizwe nyumbani, na familia iliyokwisha kuuza kuku wake wote kwa ajili ya nauli inakubali.

Sheria tunazo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza adhabu za ubakaji, na kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kinamtia hatiani anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18, kwa kifungo cha kuanzia miaka 5 hadi 15. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa wanawake 40 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15, na kwamba mkoani Arusha wanawake 41 kati ya kila 100 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 10. Katika kazi hii kesi nyingi hukwama kwa kukosa mtu wa kusimama kizimbani na kusema alichokiona, na kipimo changu kimetokana na hilo.

Halmashauri

Tuanze na mlango ulio karibu. Tangu marekebisho ya mwaka 2018, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kifungu cha 37A, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa Aprili 2023 ili urekebishwe, na ukarejeshwa mwaka 2024. Watu wengi huitaja fedha hii wanapozungumzia msaada wa serikali kwa wanawake waliofanyiwa ukatili, na ni kweli kwamba mwanamke mwenye kipato chake huondoka mapema zaidi katika nyumba yenye kipigo. Hata hivyo huu ni mkopo, na marejesho yake huanza iwe mwanamke ametulia au bado analala kwa dada yake na watoto watatu. Simshauri yeyote amwingize manusura kwenye kikundi cha mkopo katika miezi ya mwanzo ya kesi. Deni la kikundi lina majirani wanaodai, na mwanamke huyo tayari ana watu wengi wanaomdai maelezo. Mkopo huu unafaa baadaye, kesi ikishaisha au ndoa ikishavunjwa, na kwa kikundi ambacho kimeshaweka akiba pamoja kwa muda.

Kwa shirika, thamani ya halmashauri iko penginepo. Chini ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ambao wote tunauita MTAKUWWA na ambao awamu yake ya kwanza ilianza mwaka 2017/18, ziliundwa kamati kuanzia taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji au mtaa. Kamati ya wilaya inawaleta mezani afisa ustawi wa jamii, afisa maendeleo ya jamii, polisi wa Dawati na watu wa afya. Shirika lenye kiti katika kamati hiyo linaweza kusukuma mambo ambayo hakuna mfadhili atakayeyanunua: gari la halmashauri kumfuata mtoto kijijini, afisa ustawi kumsindikiza mahakamani, kifungu kidogo cha bajeti kwa ajili ya ufuatiliaji wa kesi. Fedha ni chache na hutoka kwa kuchelewa, jambo ambalo kila aliyewahi kusubiri katika korido za halmashauri analijua. Lakini afisa ustawi analipwa mshahara na serikali mwaka huu na mwaka ujao, wakati mhamasishaji wako analipwa hadi mradi utakapokwisha. Tena mtoto hapelekwi kukaa katika nyumba salama kienyeji bila ustawi wa jamii kuhusika, kwa hiyo mlango huu hauna mbadala.

Mifuko ya nchini

Mifuko mitatu inastahili kutajwa pamoja, kwa kuwa yote hupokea fedha ambazo sehemu kubwa hutoka kwa serikali za nje kisha huzigawa kwa mashirika ya Kitanzania: Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa mwaka 2002, Women Fund Tanzania Trust, iliyoanzishwa mwaka 2008, na Legal Services Facility, iliyoanzishwa mwaka 2011 kwa fedha za Denmark. Hawa ni wafadhili ambao saa zao ni zilezile za kwetu, wanaosoma Kiswahili, na ambao hawahitaji kuelezwa maana ya mtendaji wa kata au baraza la mila.

Kila mmoja una mwelekeo wake. Foundation for Civil Society inafaa shirika linalotaka kujenga uwezo wake na kudai uwajibikaji, kwa mfano kufuatilia kama halmashauri imetekeleza ilichokiandika katika mpango wake. Women Fund Tanzania Trust inaelekea zaidi kwenye vikundi na harakati za wanawake wenyewe, na hapo kikundi cha wanawake wa Kimaasai wa Monduli kinaweza kueleza jambo lake bila kujifanya taasisi kubwa. Legal Services Facility imejikita kwenye msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria waliotawanyika wilayani, ambao kazi yao ilipata nguvu kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaidizi wa kisheria wa Rombo au Karatu ndiye mtu anayegongewa mlango usiku, naye ndiye anayejua shahidi gani ameanza kurudi nyuma na kwa sababu gani.

Kasoro zipo. Kiasi kwa kila shirika ni cha wastani, ushindani ni mkubwa, na mfuko wenyewe hutegemea wafadhili wa nje, kwa hiyo mfadhili wake akijiondoa, wewe wa chini unasikia kishindo. Uripoti nao ni wa kila robo mwaka na una madodoso marefu. Hata hivyo kwa kipimo changu mifuko hii inaongoza, kwa sababu imezoea kulipia watu na safari. Unaweza kukaa na afisa wa mfuko ukamweleza kwamba bodaboda wa Miamba hana mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi, na mkakubaliana mapema kwamba hati ya malipo yenye jina, namba ya simu, saini au dole gumba itatosha kama kielelezo. Makubaliano hayo yakiandikwa kwenye mwongozo wa fedha wa mradi, mkaguzi akija mwisho wa mwaka hatazikataa nauli zote za mashahidi kwa kukosa risiti. Nimeshuhudia shirika likidaiwa kurudisha fedha za nauli ambazo zilitumika kihalali kabisa, kwa kuwa tu jambo hili halikuulizwa kabla ya kusaini mkataba.

Balozi: Kanada na Japani kwa pamoja

Balozi nyingi zina ruzuku ndogo, lakini hizi mbili zinafaa kuwekwa pamoja kwa kuwa zinatofautiana karibu kila mahali.

Kanada ina mfuko uitwao Canada Fund for Local Initiatives, unaosimamiwa na ubalozi wake, na kikomo chake ni dola za Kanada 100,000 kwa mradi mmoja, ingawa kiasi ambacho miradi mingi hupata kiko chini sana ya hapo. Usawa wa kijinsia na haki za wanawake na wasichana ni eneo ambalo mfuko huo unalipa uzito, na hulipia mafunzo, elimu kwa jamii, na huduma kwa manusura. Tatizo lake ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Kanada huanza tarehe 1 Aprili na kuisha 31 Machi, na mradi wa kawaida hutakiwa kukamilika ndani ya mwaka huo. Ukiondoa miezi ya kuita maandiko, kuyachambua na kusaini, unabaki na miezi michache ya kazi. Kwa kampeni ya kuzuia ukeketaji, kalenda hiyo inaangukia pazuri, maana likizo ya Desemba ndiyo msimu ambao wasichana wa shule huwa hatarini zaidi, nayo imo katikati ya mradi. Kwa kesi ya ubakaji inayovuka mwaka, kalenda hiyo inamwacha binti njiani.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu kampeni zenyewe. Siku 16 za uanaharakati dhidi ya ukatili wa kijinsia, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, zinavutia wafadhili wa muda mfupi kwa kuwa zina tarehe, picha na mgeni rasmi. Fulana na mabango vina risiti safi za EFD, kwa hiyo hata mhasibu anazipenda. Lakini katika maeneo ya wafugaji ya Arusha ukeketaji umeanza kufanywa kwa siri kwa watoto wachanga ili kuikwepa sheria, na mtoto mchanga hahudhurii mkutano wa uwanjani. Anayeweza kumlinda ni mkunga, muuguzi wa kliniki na bibi yake, na hao wanafikiwa kwa mazungumzo ya mwaka mzima, nyumba kwa nyumba. Ukiomba fedha za muda mfupi, ziombee kazi ya muda mfupi kweli, kama mafunzo ya wakunga au ununuzi wa vifaa vya faragha vya Dawati, kisha ueleze kwa uwazi nani ataendeleza.

Japani ina mpango wa ruzuku ndogo kwa miradi ya jamii unaojulikana sana kwa jina la Kusanone, ulioanza mwaka 1989. Huu ni mpango wa majengo na vifaa: mabweni, madarasa, visima, zahanati, magari. Hudai nukuu za bei kutoka kwa wazabuni zaidi ya mmoja, hufuatilia ujenzi kwa makini, na jengo likikamilika linakuwa jengo la kweli. Haulipi mishahara wala gharama za uendeshaji. Kwa shirika linalotaka nyumba salama, mvuto wake ni mkubwa, na ndipo panapohitaji tahadhari kubwa kuliko mahali pengine pote katika ulinganisho huu.

Nyumba salama ni chakula, mlinzi, mshauri nasaha, gesi, sabuni, na nauli ya kumpeleka mtoto shule nyingine. Jengo ni gharama ya mara moja, mengine yote ni ya kila siku. Moshi tuna mfano wa kujifunzia: KWIECO, shirika lililoanza mwaka 1987, lilijengewa nyumba ya hifadhi iliyosanifiwa na wasanifu wanawake wa Finland kupitia shirika lao la Ukumbi. Ni jengo linalosifiwa, lakini angalia mpangilio wa mambo: shirika lilikuwa limeshatoa msaada wa kisheria na ushauri kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya nyumba kusimama. Anayeanza na jengo anapitia njia hiyo kwa kinyume, na mara nyingi hubaki na milango iliyofungwa. Ningemkubalia mtu aombe Kusanone kwa sharti moja: awe na barua ya halmashauri inayotaja mtumishi wa ustawi atakayepangwa pale, na awe na mfadhili mwingine aliyekwisha kusaini kulipia uendeshaji wa miaka 2 ya mwanzo.

Kwa balozi zote kuna hatari ya siasa za nchi nyingine. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 mwaka huo USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imeacha kuendesha programu zake. Februari mwaka huohuo Uingereza ilitangaza kupunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Maamuzi hayo hayakuhusu ubora wa kazi ya mtu yeyote hapa Kilimanjaro au Arusha.

Mifuko ya kimataifa

Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kukomesha ukatili dhidi ya wanawake, ulioanzishwa na Baraza Kuu mwaka 1996 na kusimamiwa na UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa la masuala ya wanawake, una sifa mbili nzuri: miradi yake huwa ya muda mrefu, kwa kawaida miaka 3, na unathamini mashirika yanayoongozwa na wanawake. Miaka 3 inatosha kuifikisha kesi mwisho. Lakini maombi hayaandikwi kwa Kiswahili, ushindani ni wa dunia nzima, na linalotakiwa ni hesabu zilizokaguliwa na rekodi ya kazi ya miaka iliyopita. Umoja wa Ulaya nao hutaka andiko fupi kwanza kisha andiko kamili, na mara nyingi hutaka mwombaji achangie sehemu ya gharama. Kwa shirika dogo njia inayowezekana ni kuingia kama mshirika wa shirika kubwa, likiwa na bajeti yake iliyoandikwa ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo kwamba “mtapata sehemu yenu” haitoshi.

Sharti la kwetu lisilotegemea mfadhili

Kanuni za mwaka 2018 chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali zinalitaka shirika lenye mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 kuuwasilisha Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Kwa ruzuku ya ubalozi yenye miezi michache tu ya utekelezaji, kila wiki inayopotea hapa ni wiki iliyokatwa kwenye kazi. Taarifa ya mwaka na ada zikiwa hazijakamilika, mkwamo huanza siku unapouhitaji mkataba kuliko wakati wowote.

Uchaguzi wangu

Kikundi kipya, chenye wanawake wachache wenye moyo na katiba iliyoandikwa mwaka jana, kianzie kwenye kamati ya MTAKUWWA ya kata na Women Fund Tanzania Trust, na kiache balozi kwanza. Shirika la wilaya lenye wasaidizi wa kisheria litafute Legal Services Facility au Foundation for Civil Society kama mhimili wake, hata kama kiasi ni nusu ya kile ambacho ubalozi ungetoa, kisha liombe Kanada kwa jambo mahususi linaloanza na kuisha ndani ya mwaka. Shirika lenye hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa na kesi zinazoendelea mahakamani ndilo lijaribu Umoja wa Mataifa. Kusanone ni ya shirika ambalo tayari linalaza manusura katika nyumba ya kupanga na linajua kwa shilingi na senti linatumia kiasi gani kwa mwezi.

Kwa halmashauri, wakati una maana kuliko andiko. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini mipango huanza kukusanywa kwenye mitaa na vijiji miezi mingi kabla, na kufikia Machi nafasi ya kuingiza kifungu kipya imekwisha kufungwa. Hoja ya ufuatiliaji wa kesi iingie kwenye kikao cha kamati ya kata kabla ya Novemba, iwe na idadi ya kesi zilizofutwa kwa mashahidi kutofika katika kata hiyo, na iombe kiasi ambacho diwani anaweza kukitetea kwenye baraza. Na kwa mfadhili yeyote mwingine, kabla ya kusaini, apelekewe kwa maandishi maswali matatu: je, nauli ya shahidi inakubalika kama gharama ya mradi, je, hati ya malipo yenye dole gumba inakubalika pasipo risiti ya EFD, na mradi ukiisha kesi ikiwa bado iko mahakamani, je, salio linaweza kutumika hadi tarehe ya hukumu?